Kumbukumbu za Songo Mnara na njia salama ya kompyuta: Kwa nini programu hukataa kuunganika

MAGOFU ya Songo Mnara, yaliyopo katika kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, yamestahimili mvua na mawimbi kwa zaidi ya miaka 500. UNESCO iliyaorodhesha pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayatangaza kuwa hatarini mwaka 2004 kutokana na kubomoka kwake, na ikayaondoa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi ya uhifadhi.

Hata hivyo, mawe na chokaa si urithi pekee wa kisiwa hicho. Tangu mwaka 2009, wanaakiolojia wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamechimba na kupima nyumba, viwanja na makaburi ya mji huo. Miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni akiba ya sarafu za shaba za Kilwa zaidi ya 300 zilizokuwa zimefukiwa pamoja.

Ikumbukwe kwamba shimo la akiolojia likishachimbwa halichimbwi tena. Udongo ukishaondolewa, kinachobaki ni vipimo, picha, michoro na majedwali. Tarakimu moja ikibadilika katika jedwali la uzito wa sarafu, au faili ikifutwa kwa bahati mbaya, hakuna njia ya kurudi ardhini kuuliza upya.

Ndiyo maana watafiti wengi duniani siku hizi hutunza majedwali yao kwa programu za kutunza matoleo, ambazo mwanzoni zilibuniwa kwa ajili ya waandishi wa programu za kompyuta. Inayotumika zaidi ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya mfumo wa Linux. Git huweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani kalifanya, lini, na faili ilikuwaje kabla yake. Nakala ya kazi hukaa katika kompyuta ya mhusika, na nyingine hupelekwa katika ghala lililopo kwenye seva ya mbali, kama vile GitHub.

Utaratibu huo hauwahusu wanaakiolojia peke yao. Msimbo wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na nchi nyingine nyingi, nao hutunzwa kwa Git. Kwa hiyo tatizo linaloelezwa hapa linaweza kumkuta mtafiti aliyerejea Kilwa Masoko kwa boti kutoka Songo Mnara, kama linavyoweza kumkuta mtaalamu wa kompyuta aliyeketi ofisini Posta, Dar es Salaam.

Tatizo lenyewe ni hili. Mtumiaji anaiamuru programu yake ipeleke kazi katika ghala kwa njia salama. Programu inakataa na kutoa sentensi fupi ya Kiingereza inayosema kwamba njia hiyo haitambuliki. Anajaribu tena, jibu ni lile lile. Anahamia kwenye mtandao wa kampuni nyingine ya simu, na bado hakuna mabadiliko.

Wengi huulaumu mtandao, na si ajabu. Mei 12, 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kuliwaacha Watanzania wengi bila intaneti ya kuaminika, na tangu hapo jambo lolote linalogoma husemwa kuwa ni "waya wa baharini". Lakini kosa hili mara nyingi halitoki baharini. Linatoka ndani ya kompyuta yenyewe, na lilikuwapo tangu siku programu ilipowekwa.

Maktaba ndani ya programu

Ili kulielewa jambo hili, ni lazima kwanza kutenganisha vitu viwili vinavyofanana kwa jina. Kuna programu ya Git yenyewe, ambayo mtumiaji huipa amri kwa kuandika. Kisha kuna maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandaliwa ili programu nyingine ziazime uwezo wa Git bila kuiita Git yenyewe. Maktaba maarufu zaidi ya aina hiyo ni libgit2, ambayo kazi yake ilianza mwaka 2008.

Anayeandika kwa lugha ya Python huifikia libgit2 kupitia pygit2. Anayetumia R, lugha ya takwimu inayopendwa na watafiti wengi wakiwamo wanaakiolojia, huifikia kupitia git2r au gert. Wa .NET hutumia LibGit2Sharp. Wote hao, hata kama hawajawahi kulisikia jina la libgit2, wanaitegemea.

Libgit2 haikuzaliwa na ulinzi wake yenyewe. Kwa njia ya HTTPS, ile ile inayolinda tovuti za benki, huazima kazi ya kufumba ujumbe kutoka kwa maktaba nyingine, kwa mfano OpenSSL katika Linux, au hutumia nyenzo zilizomo katika Windows na macOS. Kwa njia ya SSH, ambayo humtambua mtumiaji kwa jozi ya funguo badala ya neno la siri, imekuwa ikitegemea maktaba iitwayo libssh2. Kuanzia toleo la 1.8 la mwaka 2024, inaweza pia kuitumia programu ya OpenSSH iliyomo katika kompyuta.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Viungo hivyo si vya lazima wakati maktaba inapojengwa. Kompyuta inayoijenga isipokuwa na libssh2, kazi haisimami. Maktaba hukamilika ikiwa haina uwezo wa SSH. Katika git2r, kwa mfano, onyo kuhusu upungufu huo ni mstari mmoja unaopita haraka katikati ya mistari mingine mingi wakati wa kuisakinisha. Aliyekwenda kunywa chai wakati huo hawezi kuuona. Miezi kadhaa baadaye, siku anapohitaji SSH kwa mara ya kwanza, ndipo anapogundua kwamba hakuwa nayo.

Hii pia inaeleza jambo linalowachanganya wengi, yaani amri ya Git kufanya kazi vizuri katika kompyuta ile ile ambayo programu nyingine inagoma. Git yenyewe huipa OpenSSH kazi ya SSH, na kwa HTTPS hutumia maktaba ya curl. Libgit2 hupita njia zake. Kwa hiyo Git ikifanikiwa na programu ikashindwa, mtumiaji anajua mambo mawili mara moja: mtandao hauna hatia, na uchunguzi uelekezwe kwenye maktaba.

Ujumbe wa kosa unasema nini

Hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kuusoma ujumbe wenyewe, kwa kuwa kila aina ya kosa ina maneno yake.

Kundi la kwanza ni la uwezo uliokosekana. Maneno "unsupported URL protocol" yana maana kwamba anwani iliyotolewa inaanza na itifaki ambayo maktaba haiijui. "Library was built without SSH support" ni wazi zaidi: maktaba ilijengwa bila SSH. "There is no TLS stream available" ni ndugu yake wa upande wa HTTPS. Makosa haya hutokea mara moja, hata kabla kompyuta haijajaribu kutoka nje. Kasi hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu tatizo la mtandao kwa kawaida humfanya mtu asubiri.

Kundi la pili ni la mtandao. "Failed to resolve address" ina maana kwamba jina la seva halikuweza kupatikana. Kusubiri kwa muda mrefu na hatimaye kukata tamaa mara nyingi huashiria kwamba njia imefungwa. SSH hupita katika mlango namba 22, ambao ofisi nyingi na baadhi ya mitandao ya hoteli huufunga, ilhali HTTPS hupita katika mlango namba 443 ambao karibu kila mahali uko wazi. Kwa ajili hiyo GitHub hukubali SSH kupitia mlango 443 pia, kwa anwani ya ssh.github.com.

Kundi la tatu ni la vyeti. "The SSL certificate is invalid" inaonyesha kwamba seva imefikiwa, lakini kitambulisho chake hakikukubalika. Kundi la nne ni la mtumiaji mwenyewe kutotambuliwa. "Authentication required but no callback set", kwa mfano, ina maana kwamba seva imeomba ufunguo au neno la siri, na mwandishi wa programu hakuieleza maktaba pa kuvitoa.

Kuiuliza maktaba yenyewe

Kosa likiwa la kundi la kwanza, hakuna haja ya kubahatisha. Maktaba inaweza kuulizwa inajua nini. Katika git2r, amri libgit2_features() hujibu kwa mambo matatu, yakiwamo https na ssh, na kila moja huandikiwa TRUE ikiwa lipo au FALSE ikiwa halipo. Katika gert, amri ya libgit2_config() hufanya kazi hiyo. Katika pygit2, taarifa hiyo imo katika pygit2.features.

Jibu likiwa FALSE kwa ssh, tiba ni kuupatia mfumo kiungo kilichokosekana na kisha kuijenga maktaba upya. Katika Ubuntu na Debian, vifurushi vinavyohitajika ni libssh2-1-dev kwa SSH na libssl-dev kwa HTTPS. Wengi huishia kuweka vifurushi hivyo na kushangaa kosa likiendelea. Sababu ni kwamba maktaba iliyokwisha kujengwa haibadiliki kwa kuongezewa jirani. Ni lazima git2r au pygit2 isakinishwe tena, programu ifungwe na kufunguliwa upya, kisha swali lile lile liulizwe kuthibitisha kwamba FALSE imegeuka TRUE.

Asiye na ruhusa ya kusakinisha chochote katika kompyuta ya ofisi bado ana njia. Anaweza kuibadilisha anwani ya ghala kutoka ya SSH kwenda ya HTTPS, iwapo https inaonyesha TRUE. Atambue tu kwamba GitHub iliacha kupokea neno la siri la kawaida kwa kazi za Git Agosti 13, 2021, na badala yake hudai tokeni, yaani mfuatano wa herufi unaotolewa kwa kazi maalumu na unaoweza kufutwa wakati wowote.

Saa, vyeti na funguo

Kuna wakati maktaba inao uwezo wote na bado inakataliwa. Chanzo cha kwanza cha kukagua ni saa ya kompyuta. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Vyeti vinavyotolewa na Let's Encrypt, kwa mfano, kwa miaka mingi vimekuwa vya siku 90. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na machoni pake cheti halali huwa bado hakijaanza kutumika. Kurekebisha tarehe huondoa kosa papo hapo.

Chanzo cha pili ni uzee wa programu. Februari 22, 2018, GitHub iliacha kupokea matoleo ya zamani ya itifaki ya TLS, yaani 1.0 na 1.1, na kompyuta zilizotegemea Windows ya zamani bila marekebisho zikafungiwa mlango. Septemba 30, 2021, cheti mama kilichoitwa DST Root CA X3 kilifikia mwisho wake, na programu zilizotumia OpenSSL ya mfululizo wa 1.0 zikaanza kuzikataa tovuti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Machi 15, 2022, GitHub ilikaza masharti ya funguo za SSH, na matoleo ya libssh2 yaliyokuwapo yakashindwa kutumia funguo mpya za aina ya RSA hadi toleo la 1.11 lilipotoka mwaka 2023.

Chanzo cha tatu ni seva kubadilisha utambulisho wake. Machi 24, 2023, GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA baada ya sehemu ya siri ya ufunguo huo kuonekana hadharani kwa muda mfupi. Watumiaji wengi duniani waliona onyo kali kwamba seva waliyoizoea si ile. Safari hiyo onyo lilikuwa na maelezo, na GitHub ilitangaza ufunguo mpya ili kila mtu aulinganishe. Lakini siku nyingine onyo kama hilo linaweza kuwa la mwizi kweli.

Hatari ya kuzima ulinzi

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Anayetafuta msaada wa haraka hukutana na ushauri mwepesi: zima uhakiki wa vyeti. Katika Git hufanywa kwa kuweka http.sslVerify kuwa false, na katika maktaba kwa kuandika kipande cha msimbo kinachokubali cheti chochote kinacholetwa. Kosa hutoweka, kazi inaendelea, na mtu hulala usingizi.

Kilichofanyika ni sawa na mlinzi wa geti kuagizwa asiwaulize wageni vitambulisho kwa sababu foleni imekuwa ndefu. Ujumbe bado umefumbwa, ni kweli, lakini hakuna anayejua umefumbwa kwa ajili ya nani. Aliyejipenyeza katikati, kwa mfano mwenye kuendesha Wi-Fi ya mgahawani, anaweza kujifanya ghala, akaipokea tokeni ya mtumiaji na kuitumia kuingia katika ghala halisi.

Wapo wanaosema kwamba Git ina kinga yake, kwa kuwa kila toleo lina alama ya tarakimu na herufi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kinga hiyo ipo, na humsaidia mwenye nakala ya awali kugundua kwamba historia imeguswa. Lakini anayechukua nakala kwa mara ya kwanza hana cha kulinganisha. Akipewa historia ya uongo iliyopangwa vizuri, alama zake zote zitaafikiana. Katika jedwali la sarafu huo ni upotoshaji wa historia ya pwani. Katika programu ya hospitali au ya malipo, ni msimbo wa mtu baki unaofanya kazi ndani ya nyumba.

Hatari hii si ya kufikirika. Januari 2023 ilitangazwa kwamba libgit2, ilipotumia libssh2, haikuwa ikihakiki utambulisho wa seva ya SSH isipokuwa mwandishi wa programu aliitaka ifanye hivyo. Matoleo ya 1.4.5 na 1.5.1 yalitolewa kuziba pengo hilo. Cargo, chombo kinachotumiwa na waandishi wa lugha ya Rust kuchukua misimbo ya wenzao, nacho kilikuwa na pengo hilo, na kikarekebishwa katika Rust 1.66.1 iliyotoka Januari 10 mwaka huo.

Tukio hilo lina fundisho lake. Kabla ya marekebisho, programu hizo zilifanya kazi bila kelele, na ukimya huo ndio uliokuwa hatari. Maktaba inayogoma na kusema haina njia salama inamtendea mtumiaji wema kuliko ile inayokubali kila kitu. Anayepata kosa jipya baada ya kusasisha maktaba asikimbilie kurudi kwenye toleo la zamani. Huenda ni mara ya kwanza anaulizwa swali ambalo alipaswa kuulizwa tangu mwanzo.

Kazi isisimame

Kinachowasukuma watu kuzima ulinzi mara nyingi ni haraka: boti inaondoka, umeme unakaribia kukatika, ripoti inasubiriwa. Kwa bahati nzuri Git haikuundwa kutegemea mtandao kila saa. Mabadiliko huandikwa katika kompyuta ya mtu hata akiwa kisiwani bila intaneti, na hubaki yamepangwa kwa mfuatano wake hadi njia itakapopatikana.

Aidha, amri ya git bundle hukusanya historia yote ya kazi na kuiweka katika faili moja inayoweza kubebwa kwa flashi. Faili hiyo huvushwa bahari hadi Kilwa Masoko, na huko hukaguliwa kwa git bundle verify kabla ya kuunganishwa na ghala jingine. Njia hiyo haihitaji SSH wala HTTPS, na inampa mtaalamu muda wa kuitibu maktaba bila pupa. Jambo la kuangalia ni flashi yenyewe isipotee wala kupita katika mikono isiyojulikana.

Kwa ufupi, mpangilio wa uchunguzi ni huu. Usome ujumbe na ujue ni wa kundi gani. Jaribu anwani ile ile kwa amri ya Git yenyewe, ili kuitenga maktaba na mtandao. Iulize maktaba kama inayo https na ssh. Ikikosa, ongeza kiungo na uijenge upya. Ikiwa inavyo, kagua saa, kisha umri wa programu, kisha funguo. Onyo la seva kubadilika likitokea, linganisha ufunguo na ule uliotangazwa na mwenye seva kabla ya kuukubali.

Kuzima uhakiki hakumo katika mpangilio huo, na hakupaswi kuwamo. Kutafuta kiungo kilichokosekana kunaweza kula saa nzima au hata alasiri yote, lakini ni muda unaofidika. Jedwali lililobadilishwa njiani bila mtu kujua halifidiki, hasa pale ambapo shimo lililolizaa lilikwisha kufukiwa.